Kweli, Kipimo na Shahidi: Jinsi ya Kujieleza Unapoomba Kazi

Somo kwa mtumiaji wa huduma za ajira

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kuorodhesha kazi alizokwisha kuzifanya, kuzieleza kwa namna inayoeleweka na mwajiri, kuziambatanisha na ushahidi unaokubalika, na kujilinda pale anapomlipa mtu mwingine amwandikie maombi.

1. Utangulizi

Ndugu msomaji, katika vituo vya biashara vya wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama Omurushaka, Nkwenda na Mabira, mtafuta kazi huanzia safari yake steshenari. Huko kuna kompyuta, mashine ya fotokopi na mtu anayejua kuchapa. Mtafuta kazi hutoa fedha, hutoa vyeti vyake, na baada ya muda mfupi huondoka na karatasi inayomweleza yeye ni nani. Hapo amekuwa mtumiaji wa huduma kama yule anayenunua mbolea au anayelipia umeme, naye anastahili kupata kitu cha kweli na kinachofaa.

Tuchukue mfano. Binti wa miaka ishirini na minne kutoka kata ya Mabira, mhitimu wa kidato cha nne, ameona tangazo la nafasi ya mtunza ghala. Anafika kwa mchapaji, naye anamwuliza, “Uzoefu, dada?” Binti anajibu, “Sina, kaka.” Mchapaji anacheka kidogo na kumwambia kuwa bila uzoefu hataitwa popote. Dakika ishirini baadaye karatasi inatoka ikisema kwamba binti amefanya kazi miaka miwili katika kampuni moja ya Dar es Salaam, jiji ambalo hajawahi kufika. Kumbe binti huyo, kwa misimu mitatu ya kahawa, ndiye aliyekuwa akisoma mizani na kuandika daftari la mapokezi katika chama cha msingi cha kijijini kwao.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Mambo yaliyomo ni ya kawaida mno, na hasara yake ni kubwa. Binti alikuwa na uzoefu uleule unaotafutwa na mwajiri, akauacha nje ya karatasi. Mahali pake akanunua uongo unaoweza kumfukuzisha kazi, hata kumfikisha mahakamani. Somo hili linaeleza jinsi ambavyo angefanya.

2. Kwa nini tunasema “sina”

Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kujisifu ni aibu. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Malezi hayo ni mema, na hatuwashauri vijana wayaache. Hata hivyo, mwajiri aliyeko Bukoba au Dodoma hajakaa nawe kijijini. Hakukuona ukiamka alfajiri msimu wa mavuno, wala hakusikia wakulima wakisema kuwa mizani yako haionei mtu. Kumweleza mambo hayo ni kumpa taarifa anayoihitaji ili aamue kwa haki. Majivuno huanza pale unaposema zaidi ya ulichofanya.

Sababu ya pili ni kwamba tumezoea kuita “kazi” ile tu yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Shamba la migomba na kahawa huitwa nyumbani, si kazi. Kufundisha kwa kujitolea katika shule ya msingi huitwa kusaidia. Kuweka hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa huitwa mambo ya akina mama. Mwajiri makini anatafuta uwezo, na uwezo huo hujengwa mahali popote ambapo mtu amebeba wajibu na watu wakamtegemea.

3. Hatua ya kwanza: orodhesha bila kuchuja

Kabla hujaenda steshenari, chukua daftari na kalamu. Gawa ukurasa katika safu nne: kazi niliyofanya, mahali na tarehe, nilichokuwa nikiwajibika nacho, na nani anajua. Andika kila kitu tangu ulipomaliza shule, kwa mpangilio wa miaka. Usichuje kwanza. Kwa mkazi wa Mabira na maeneo jirani, orodha hiyo inaweza kuwa na mambo kama haya:

• Kupokea, kukagua na kupima kahawa katika chama cha msingi cha ushirika.
• Kuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi, iliyofanyika Agosti 2022, au kushiriki uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mwaka 2024.
• Kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.
• Kufundisha kwa kujitolea, au kuongoza kwaya na vikundi vya vijana.
• Kuwa mweka hazina au katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa.
• Kuendesha bodaboda, kushona, kujenga, kuchomelea, kutengeneza simu.
• Kununua na kuuza maharage au ndizi, kwa mtaji wako au kwa niaba ya mwingine.
• Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa.

Usisahau lugha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kama kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na ulemavu, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Kwa hiyo huna haja ya kuandika kabila lako wala dini yako. Lakini kuzungumza Kinyambo, Kihaya, Kiswahili na Kiingereza ni ujuzi. Kituo cha afya, radio ya jamii au mradi wa kilimo unaowahudumia wazee wa vijijini unahitaji mtu wa kuzungumza nao kwa lugha wanayoielewa. Andika kila lugha na kiwango chako: kuzungumza, kusoma, kuandika.

4. Hatua ya pili: weka kipimo

Sentensi nyingi za wasifu, au CV kama wengi tunavyouita, hazina uzito kwa sababu zinaweza kuandikwa na mtu yeyote. “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo.” Mwajiri amekwisha kuisoma sentensi hiyo mara mia. Haiwezi kupimwa, haiwezi kuthibitishwa, na haimtofautishi mwandishi wake na jirani yake.

Kinachomtofautisha mtu ni kipimo: muda gani, kiasi gani, watu wangapi, mara ngapi, na matokeo yake yalikuwa nini. Turudi kwa binti wetu. Angeweza kuandika hivi:

Maelezo dhaifu: “Nimewahi kusaidia kwenye kahawa.”

Maelezo yenye kipimo: “Karani wa mapokezi, chama cha msingi cha ushirika, misimu mitatu mfululizo. Nilipokea kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima 40 hadi 60 kwa siku katika kilele cha msimu. Nilikagua ukavu na usafi wake, nikapima, nikaandika stakabadhi na kujaza daftari la ghala. Kila jioni nililinganisha jumla ya stakabadhi na kilo zilizomo ghalani pamoja na katibu wa chama.”

Hapa hakuna neno la kujisifu. Mwombaji hakusema yeye ni mwaminifu, ila mwajiri anaona kwamba alikabidhiwa mali ya watu na kila jioni hesabu ilikaguliwa. Hakusema anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo, ila anayewajua wakulima waliopanga foleni na magunia yao jua likizama anaelewa. Nafasi ya mtunza ghala inahitaji mambo hayohayo: kupokea, kukagua, kupima, kuandika, kulinganisha.

Mfano wa pili ni wa mweka hazina wa kikundi. Badala ya “nina ujuzi wa fedha”, aandike idadi ya wanachama, mara ngapi walikutana, miaka aliyoshika daftari, na kwamba mwisho wa mwaka hesabu zilisomwa mbele ya wanachama wote na kukubaliwa. Ikiwa hazikukubaliwa, asiandike kwamba zilikubaliwa.

Tahadhari mbili ni muhimu. Kwanza, kipimo kiwe cha kweli. Kama hukumbuki idadi kamili, andika “takribani” au rudi kwenye daftari. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakukosea. Pili, usitoe siri za waliokuamini. Idadi ya wanachama haina madhara, lakini akiba ya kila mmoja si habari ya kuweka kwenye maombi yako.

5. Hatua ya tatu: tafuta shahidi

Maelezo yakishapata kipimo, yanahitaji wa kuyathibitisha. Shahidi ni wa namna tatu.

Shahidi wa kwanza ni hati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi huondoka kazini bila kukidai, wakidhani ni hisani. Ni haki. Ukinyimwa, mwone Afisa Kazi. Kwa kazi za muda mfupi au za kujitolea, omba barua yenye muhuri inayotaja kazi uliyoifanya na tarehe ya kuanza na kumaliza. Iombe unapoondoka, wakati viongozi wangali wanakukumbuka. Baada ya uchaguzi wa chama au uhamisho wa mwalimu mkuu huenda ukakuta ofisi haikujui.

Shahidi wa pili ni mtihani wa ujuzi. Fundi aliyejifunzia kwa mjomba wake chini ya mwembe, akajua kazi bila kukanyaga chuo, hana sababu ya kubaki bila cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifahamu, hujazwa mapengo pale yanapoonekana, na akifaulu hupewa cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari, washonaji na wapishi ni miongoni mwa wanaonufaika. Kabla ya kulipa chochote kwa mtu anayedai kukuunganisha, uliza chuo cha VETA chenyewe.

Shahidi wa tatu ni mtu. Matangazo mengi ya kazi hutaka majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Neno hili huwatia wengine hofu, wakidhani mdhamini atalipa deni. Katika maombi ya kazi, mdhamini ni mtu anayekufahamu kikazi na yuko tayari kueleza mwenendo wako. Chagua aliyekuona ukifanya kazi: katibu wa chama, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, fundi aliyekufundisha. Mwombe ruhusa kwanza. Mpe nakala ya wasifu wako, na mweleze ni kazi gani unayoomba. Hakikisha namba yake ya simu inapatikana. Mdhamini mwenye cheo kikubwa asiyekumbuka jina lako anadhuru kuliko kusaidia.

6. Majina, mahali na vyeti

Maombi mengi hukwama kabla hata sifa hazijasomwa, kwa sababu taarifa hazilingani. Wakazi wa Karagwe na Kyerwa wana mambo matatu ya kuangalia.

Jina. Si ajabu mtu kuwa na jina la ubatizo, jina la Kinyambo na jina la baba, na kila ofisi ikayaandika kwa mpangilio wake. Linganisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, muone wakili au nenda mahakamani upate maelekezo ya hati ya kiapo au ya kubadili jina iliyosajiliwa, kulingana na ukubwa wa tofauti. Fanya hivyo kabla ya tangazo kutoka, maana muda wa maombi huwa mfupi.

Wilaya. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi ilipoanzishwa kuwa wilaya kamili mwaka 2012. Kwa hiyo mzaliwa wa Mabira anaweza kuwa na cheti cha kuzaliwa kinachosema Karagwe na barua ya mtendaji inayosema Kyerwa. Hilo si kosa lako na si la kufutwa kwa kalamu. Andika mahali ulipozaliwa kama hati inavyosema, na mahali unapoishi sasa kama palivyo: “Kata ya Mabira, Wilaya ya Kyerwa”. Ukiulizwa, eleza historia hiyo kwa sentensi moja.

Masomo ya nje. Mpaka wa Uganda uko karibu, na wapo vijana waliosoma ng’ambo ya mto. Cheti cha nje kinahitaji kutambuliwa nchini: matokeo ya sekondari hufanyiwa ulinganifu na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), stashahada huhakikiwa na NACTVET, na shahada na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja sharti hili waziwazi. Aidha, hutaka vyeti vyenyewe. Hati ya matokeo ya muda haitoshi.

7. Hatari ya kughushi

Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wametumikia miaka mingi na wenye familia zilizowategemea. Baadhi walikuwa wakiifahamu kazi yao vizuri. Kuijua kazi hakukuwaokoa, kwa sababu mlango walioingilia haukuwa halali.

Tunalitaja tukio hili ili msomaji apime thamani ya anachouziwa. Cheti cha kununua au uzoefu wa kubuni hauishi siku ya kuajiriwa. Unabaki kwenye faili, na faili hufunguliwa tena wakati wa kupandishwa cheo, wa uhamisho au wa uhakiki. Mchapaji aliyekuandikia hatakuwapo siku hiyo. Jina lililotiwa saini chini ya karatasi ni lako, na kwa sheria wewe ndiwe mwenye maelezo hayo.

Tunafahamu hoja inayosemwa: “Wote wanafanya hivyo.” Jibu letu ni kwamba binti wa mfano wetu hakuhitaji kufanya hivyo. Tunaamini watafuta kazi wengi hawahitaji. Wanaandika uongo kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha kwamba kweli yao inatosha.

8. Unapomlipa mtu akuandikie

Kulipia huduma ya kuchapa si kosa. Wako wachapaji waadilifu, na bila wao wengi wasingeweza kuwasilisha maombi kwa mtandao. Zingatia haya:

(a) Nenda na maelezo yako yameandikwa. Umlipe kuchapa, si kubuni maisha yako.

(b) Uliza bei kabla: kuchapa, kutoa nakala, kujaza maombi mtandaoni. Omba stakabadhi.

(c) Fungua barua pepe yako mwenyewe. Neno la siri lijue wewe, uliandike mahali salama nyumbani. Akaunti ya maombi iliyofunguliwa kwa barua pepe au namba ya simu ya mchapaji ni mali yake kwa vitendo. Wito wa usaili utamfikia yeye, na siku akifunga duka umepotea.

(d) Soma kila mstari kabla ya kutuma. Kama kuna neno usiloweza kulieleza kwa kinywa chako, liondolewe.

(e) Chukua nakala yako katika flashi au barua pepe, kisha uombe vyeti vyako na namba yako ya kitambulisho vifutwe kwenye kompyuta ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda dhidi ya matumizi ya taarifa zako kinyume cha lengo ulilozitolea. Unaweza kupiga *106# ili uone namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

(f) Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji ada ya kuomba nafasi. Anayekutaka utume “fedha ya fomu” au “ya kumwona bosi” ni tapeli au mla rushwa. Ujumbe wa kitapeli utume pamoja na namba yake kwenda 15040. Ukidaiwa rushwa, ya fedha au ya ngono, piga 113, namba ya TAKUKURU isiyo na malipo.

(g) Wakala binafsi wa ajira, hasa anayetangaza kazi za nje ya nchi, aonyeshe kibali. Thibitisha na ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira kabla ya kumkabidhi hati ya kusafiria au fedha.

9. Kujieleza kwa kinywa katika usaili

Karatasi ikikubaliwa, utaitwa. Katika malezi yetu kijana hutazama chini mbele ya mkubwa na kujibu kwa maneno machache. Wasaili ni wakubwa wako, na heshima idumu: salimia, subiri uambiwe uketi, usimkatize mtu. Lakini hapo umeitwa useme. Mtazame anayekuuliza na ujibu kwa ukamilifu.

Ukiambiwa “tueleze kuhusu wewe”, usianze na historia ya ukoo. Sema jina, elimu, kazi iliyo karibu zaidi na nafasi hiyo, na kwa nini unaiomba. Dakika mbili zinatosha. Ukiulizwa uwezo wako, chagua mmoja na uutolee kisa: hali ilikuwa ipi, wewe ulifanya nini, matokeo yakawa nini. Binti wetu anaweza kueleza siku ambayo jumla ya stakabadhi haikulingana na kilo za ghalani, jinsi alivyorudia kurasa moja baada ya nyingine mpaka akakuta namba iliyoandikwa mara mbili, na kwamba alimweleza katibu jioni ileile.

Ukiulizwa udhaifu, usiseme huna, wala usiseme “nafanya kazi kupita kiasi”. Taja pungufu la kweli linaloweza kurekebishika na hatua unayoichukua: “Sijatumia kompyuta kwa kazi za ghala. Nimeanza kujifunza kuandaa majedwali, na daftari la mkono nalifahamu vizuri.” Ukiulizwa kuhusu miaka isiyo na ajira, eleza ilivyokuwa: ulimwuguza mzazi, ulilea mtoto, ulilima. Si aibu, na mwajiri ataheshimu jibu fupi lisilo na kona.

Mwisho, nawe una haki ya kuuliza: mkataba ni wa muda gani, mshahara ni kiasi gani, kituo cha kazi ni wapi, michango ya hifadhi ya jamii inalipwa vipi. Masharti ya kazi yatakiwe kwa maandishi. Anayekasirishwa na maswali hayo amekupa taarifa muhimu.

10. Zoezi

Fanya zoezi hili peke yako, kisha ulisome mbele ya mtu anayekufahamu.

1. Chora jedwali la safu nne kama lilivyoelezwa katika sehemu ya 3. Andika angalau kazi tano, ziwe na malipo au zisiwe nayo.

2. Chagua kazi mbili zilizo karibu na nafasi unayoitaka. Ziandike upya ukitaja muda, kiasi, wajibu na matokeo.

3. Kwa kila kazi, andika shahidi wake: hati, mtihani au mtu. Isiyo na shahidi, andika utakakompata na lini.

4. Soma wasifu ulionao sasa. Futa kila sifa isiyo na mfano, na kila neno usiloweza kulitetea.

5. Linganisha majina katika hati zako zote. Orodhesha tofauti.

Msikilizaji wako akisema, “Hili umelisahau,” liongeze. Akisema, “Hili halikuwa hivyo,” lirekebishe kabla mwajiri hajakuuliza.

11. Hitimisho

Wasifu mzuri una mambo matatu: kweli ya kazi iliyofanyika, kipimo kinachoifanya ieleweke, na shahidi anayeweza kuitikia simu. Havihitaji fedha nyingi. Vinahitaji jioni mbili tatu za utulivu na daftari. Binti wa Mabira akirudi kwa mchapaji na karatasi yake mkononi, swali litakuwa lilelile, “Uzoefu, dada?” Safari hii amwambie, “Misimu mitatu ya kupokea kahawa. Maelezo haya hapa, kaka. Naomba uyachape kama yalivyo.”